Deni la Aliyeona

Siku ya tatu ya Idd, uani kwa eedo yangu kule Diff, rafiki yangu alikataa kumwangalia mtoto.

Eedo ni shangazi, dada ya baba. Na yeye huniita eedo vilevile, maana kwetu Wasomali mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile analoitwa. Rafiki yangu ni mtu wa altrasaundi katika hospitali moja Nairobi. Tulisoma naye sekondari, na mwaka huo aliamua kuja kuona kwetu. Tulipanda basi Eastleigh, tukavuka Tana pale Garissa, tukapita Modogashe hadi Habaswein, kisha tukamalizia na Land Cruiser iliyojaa mchele na watu, vumbi mpaka kwenye kope. Kwenye mkoba wake alikuwa na kichwa cha altrasaundi kinachochomekwa kwenye simu. Hakuja nacho kikazi. Alikuwa anajifunza kusoma picha za moyo, zile wanazoita eko, na popote alipokwenda alikuwa nacho, kama vile wengine tunavyobeba chaja.

Usiku wa kwanza alijipima mwenyewe, sisi tumemzunguka. Ukiona moyo kwenye kioo cha simu, kwanza unanyamaza. Vilango viwili vyembamba vinafunguka na kufunga bila kupumzika, kama midomo ya mtu anayesoma uradi. Kufikia asubuhi kila nyumba ilishajua.

Eedo akaja na binti yake wa miaka 11. "Huyu koo linamuuma kila mara. Mwaka jana magoti yalivimba, leo goti hili, kesho lile. Akikimbia na wenzake anakaa chini. Weka hiyo mashine yako, uniambie."

Rafiki yangu akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Nikiona kitu, nitafanya nini?"

Eedo hakuhitaji kutafsiriwa. Kiswahili chake ni cha sokoni lakini kinamtosha. Akasema, "Warya, mtu anasikia harufu ya moshi, anakataa kuangalia kama nyumba inaungua, kwa sababu hana maji?"

Nimekaa na maswali hayo mawili zaidi ya mwaka sasa. Mwanzoni niliona kwamba mmoja wao lazima awe amekosea. Siku hizi naona kwamba kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya jibu.

Acha nieleze kwanza kilichomtisha rafiki yangu. Kuna bakteria wanaoitwa streptokoka ambao huumiza koo la mtoto. Mara nyingi koo hupona lenyewe. Lakini kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili ikishamaliza kupigana na wale bakteria huwa imechanganyikiwa, inaanza kushambulia viungo vya mtoto mwenyewe. Magoti yanavimba, kisha yanapona. Moyo nao unaguswa, na huo hausahau. Vile vilango vyembamba vinaanza kuwa vinene na vigumu, na kila koo jipya linaongeza kovu. Huu ndio ugonjwa wa moyo unaoletwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuwa nao na asijue. Miaka kumi baadaye ameolewa, ana mimba, damu imeongezeka mwilini, na moyo unashindwa kuisukuma. Watu watasema amekufa kwa uzazi.

Nchi tajiri zimeusahau ugonjwa huu, isipokuwa katika jamii walizozisukuma pembeni, kama wenyeji wa asili wa Australia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wanaishi nao. Ni ugonjwa wa watu wanaolala wengi chumba kimoja, wenye zahanati ya mbali na koo ambalo halikutibiwa kwa sababu, jamani, ni koo tu.

Ukishakomaa, dawa yake ni kupasuliwa. Upasuaji huo Kenya upo. Unafanyika Nairobi, unafanyika Tenwek kule Bomet, na kila mwaka maelfu ya watu hukimbia Mater Heart Run ili watoto ambao wazazi wao hawana pesa wapate nafasi. Lakini mwenye kilango cha chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Jaribu kupanga ratiba hiyo ukiwa Diff.

Kwa hiyo rafiki yangu hakuwa mwoga. Alikuwa anafuata sheria nzuri. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha madaktari wawili, Wilson wa Uingereza na Jungner wa Sweden, chenye kanuni 10 za kupima watu ambao hawajioni wagonjwa. Mojawapo inasema tiba inayokubalika iwepo. Nyingine inasema mahali pa kuthibitisha ugonjwa na kuutibu pawepo. Maana yake ni kwamba usimgeuze mtu kuwa mgonjwa kisha umwache njiani. Ukimwambia mama kwamba moyo wa binti yake una kasoro, halafu ukapanda gari kurudi Nairobi, umempa nini? Umempa usiku mrefu. Pengine hata umemharibia binti, maana kuna watakaosema huyu ni wa moyo, haolewi.

Nilikubaliana naye kabisa, mpaka nilipoifuata kanuni hiyo hadi mwisho wake nikaona inaishia wapi kwa mtu wa Diff. Hakuna tiba, kwa hivyo hatupimi. Hatupimi, kwa hivyo wagonjwa hawaonekani kwenye hesabu. Hawaonekani kwenye hesabu, kwa hivyo hakuna anayeleta tiba. Kanuni iliyoandikwa kumlinda mtu asiachwe njiani inakuwa sababu ya barabara kutojengwa. Na hakuna mkosaji, kwa sababu hakuna aliyeona.

Sisi wa kaskazini mashariki mduara huo tunaufahamu hata bila ugonjwa. Ndio tulioishi nao kwenye barabara, shule na maji. Kutoangalia nako ni kitendo, ila ni kitendo kisichoacha alama za vidole.

Halafu kuna Gulu. Gulu iko kaskazini mwa Uganda, mji uliotoka kwenye vita virefu, na kutoka huko hadi Kampala ni safari. Watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya laki moja, wakawapata wale ambao ugonjwa ulikuwa bado umejificha, unaonekana kwenye eko tu. Watoto 818 wakagawanywa kwa kura. Nusu walipigwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Kati ya waliodungwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3. Kati ya wale wengine, ulisonga kwa 33.

Penisilini hiyo si mpya hata kidogo. Imetumika tangu miaka ya 1950 na bei yake ni ya chini. Kilichokuwa kipya ni kujua kwamba hata kwa mtoto ambaye hana dalili yoyote, ukiwahi, kilango kinaweza kuokolewa kwa sindano ya matakoni. Na mashine ya kuwahi nayo sasa inaingia mkobani, na manesi wamefundishwa kuitumia. Kabla ya hapo mtu angeweza kusema, kwa dhamiri safi, kwamba kuangalia ni kumtesa mtu bure. Naona mlango huo sasa umefungwa.

Lakini nisije nikaifanya hesabu hiyo kuwa tamu kuliko ilivyo. Ukiipiga vizuri, inabidi udunge watoto kama 13 kwa miaka miwili ili ugonjwa usisonge kwa mmoja. Wale 12 wangekuwa salama muda huo hata bila sindano, na sindano yenyewe inauma sana, mtoto anachechemea siku nzima. Nani aliwaambia wabebe maumivu ya mwenzao? Jibu langu ni kwamba hakuna anayejua yule mmoja ni nani, hata daktari hajui. Kila mama anamdungia wake, na kwa pamoja wanamwokoa mmoja ambaye hawatamjua kamwe. Sisi tunaochanga pesa za msiba na za mahari bila kuuliza zamu yetu itafika lini, jambo hilo si geni kwetu.

Jambo la pili kutoka Gulu linanigusa zaidi. Watoto wale hawakupewa sindano tu. Walikuwa na watu wa kuwafuatilia na vikundi vya kukutana na wenzao. Yaani kilichofanya kazi ni dawa pamoja na mtu wa kuuliza, mbona jana hukuja?

Sasa nirudi uani. Rafiki yangu alimpima binti. Si kwamba hoja ya eedo ilimshinda. Alinigeukia, akaniuliza mbele ya watu wote, "Ukionekana ugonjwa, nani atafuatilia?" Nikasema mimi. Nilisema haraka, kama mtu anavyosema inshallah bila kufikiria. Hapo ndipo alipochomeka kile kichwa kwenye simu.

Kilango kimoja kilikuwa kinene kidogo, na damu ilikuwa inavuja kurudi nyuma, rangi ya buluu ikitokea pasipotakiwa. Hakutoa hukumu. Alisema, "Daktari wa moyo aone." Daktari wa Nairobi aliona, akathibitisha kwamba ni hatua za mwanzo, akaandika sindano kila siku 28, kwa miaka.

Ninafanya kazi ya hesabu kwenye duka Eastleigh, na nilidhani deni ni kitu ninachokielewa. Simu yangu ina kengele ya kila siku 28. Siku tatu kabla yake nampigia nesi kuuliza kama dawa iko. Kuna mwezi haikuwepo, nikainunua huku kwa karatasi ya daktari, nikaituma kwa basi, na dereva akanipigia Habaswein kuuliza anampa nani. Kuna mwezi mvua ilinyesha upande wa pili wa mpaka, na familia ikafuata malisho na mifugo, binti naye akaenda. Mtandao haukushika. Siku 28 zikawa 41. Nilikasirika, nikamlaumu eedo moyoni, mpaka nikakumbuka kwamba ngamia hao ndio walionilipia karo. Hadi leo amedungwa mara 14. Mbili hazikufanyika.

Niliahidi kwa neno moja nikidhani naahidi jambo moja. Kumbe majibu ya kipimo si habari tu, eti mtu anapewa halafu basi. Ni amana. Aliyeiona anaishika, hawezi kusema nimeshakuambia, kazi kwako. Rafiki yangu alikuwa sahihi kuogopa amana hiyo. Eedo alikuwa sahihi kuidai. Kukataa kuangalia kwa kuwa huwezi kubeba ni uaminifu wa nusu, kwa sababu nusu nyingine ni kuuliza nani anaweza kubeba nawe, na kumwita kwa jina: kaunti yenye bajeti ya afya tangu 2013, serikali inayokata bima ya SHA kwenye mshahara wangu kila mwezi, kituo ambacho kazi yake ni kuwa na chupa moja ya penisilini siku ya 28. Mtu mmoja mwenye kengele kwenye simu si mfumo. Nikiugua mimi, nani atapiga simu?

Kuna kitu sijakisimulia bado, na ndicho kinachonizuia kujisifu. Asubuhi iliyofuata tulikuta watu nje ya ua. Akina mama kama 20, kila mmoja na mtoto wake, wamekaa kivulini wamenyamaza. Rafiki yangu aliwahesabu kwa macho, akaniangalia. Hakuuliza tena nani atafuatilia. Wote wawili tulijua kwamba sikuwa na mdomo wa kusema "mimi" mara 20. Tukasema mashine imeisha moto. Simu yake ilikuwa na asilimia 60.

Kwa hiyo binti wa eedo alipimwa kwa sababu ni wa eedo. Ndugu huanza na ndugu, sawa, siombi radhi kwa hilo. Lakini undugu ulitupa pa kuanzia tu, haukutupa ruhusa ya kuishia hapo. Wale wengine hawakuomba kikubwa. Waliomba kuonwa, na sisi tuliokuwa na jicho tukalifumba, kwa sababu ile ile iliyoandikwa 1968, ila safari hii tukaongeza na uongo.

Alikuwepo mama mmoja mwenye mvulana wa kanzu nyeupe ya Idd, mikono imeshika magoti. Wenzake walipoondoka yeye alibaki. Aliniuliza mtarudi lini, nikamwambia Idd ijayo. Idd imepita, nami sikupata likizo. Wiki jana nesi alinipigia mwenyewe, kabla sijampigia, kuniambia dawa imefika na ziko chupa sita. Nilimuuliza kama anamfahamu mvulana huyo. Akasema jina la baba yake nani. Sikuwa nimeuliza.