Jiwe Halilipi Kodi

Hapa Eldoret, mtu akipata fedha za maana, ushauri wa kwanza anaopewa huwa mmoja: jenga nyumba za kupangisha. Wanariadha wetu wengi wamefanya hivyo, wakageuza zawadi za mbio za ng'ambo kuwa maghorofa mjini. Mwalimu anayekaribia kustaafu naye huwaza ploti Kimumu au Langas. Na tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, ushauri huo umezidi kunoga. Jiwe, tunaambiana, halifilisiki.

Sawa, lakini jiwe halilipi kodi. Anayelipa ni mtu, naye huyo mtu anamtegemea mzazi, mwajiri au serikali. Waulize wenye hosteli za wanafunzi huko Chepkoilel na Kesses. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wakafunganya, vyumba vikabaki vitupu. Mwaka 2024 mgomo wa wahadhiri ukasimamisha masomo Chuo Kikuu cha Moi. Waliojenga hawakukosea vipimo vya saruji wala mabati. Mapato yao yalikatwa na maamuzi ambayo wao hawakuulizwa. Na wazee wa mji huu hawajasahau ghasia za baada ya uchaguzi, mapema 2008, nyumba zilipochomwa na uwanja wa maonyesho ukageuka kambi ya waliofurushwa. Hati miliki haikuzima moto.

Hata mwaka wa amani una hesabu zake. Tuseme una vyumba 12, kila kimoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Vikijaa mwaka mzima unapata 720,000. Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba ni asilimia 7.5, nao hutozwa kabla hujaondoa gharama yoyote: hiyo ni 54,000. Ukiwa unalipa benki 50,000 kila mwezi, unabaki na 66,000 za mlinzi, rangi na choo kilichoziba. Sasa vyumba viwili vikose watu mwaka mzima: hata ushuru ukipungua, umeshaingia hasara ya 45,000, na fundi hajaitwa bado.

Hasara hiyo haiishii kwenye daftari. Humbadilisha mtu. Mwenye ploti aliyekopa akiamini nyumba zitajaa Januari hadi Desemba hana nafasi ya kuwa na utu, hata kama moyoni ni mwema. Tarehe tano ikipita anagonga mlango; tarehe kumi anaweka kufuli; wapo wanaofika hadi kung'oa mlango au mabati, mpangaji na watoto wake wakiwa ndani. Tunamwita katili, kumbe mara nyingine ukatili huo ulitiwa saini benki, siku ya kuchukua mkopo.

Ndiyo maana naona kuwekeza katika nyumba ni jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la faida. Anayetaka kujenga asiulize tu ploti italeta kiasi gani ikijaa. Ajiulize kama, mpangaji wake akifiwa au akiachishwa kazi, ataweza kumwambia, "Utalipa mwezi ujao," na bado mkopo wake ukalipwa kwa wakati. Kama hawezi, ajenge vyumba vichache zaidi, au asubiri.