Barzilai Alijipima Mwenyewe

Somo: 2 Samueli 19:31–39

Barzilai ana miaka 80 mfalme Daudi anapomwalika Yerusalemu, ale naye mezani. Mzee anakataa kwa adabu. Chakula, asema, hakina ladha tena kinywani, na sauti za waimbaji hazisikii vyema. Atamvusha mfalme Yordani, amsindikize kidogo, kisha arudi kwao akafie karibu na kaburi la wazazi wake. Daudi habishani naye. Anambusu, anambariki, anamwacha arudi.

Nilimkumbuka huyo mzee juzi, upande wa Mutomo, nilipomtembelea susu, yaani nyanya, mmoja wa ushirika wetu. Ana saratani ya umio, ile wengi huiita ya koo. Wanawe walikuwa wakijumlisha nauli ya Nairobi na bei ya dawa. Mimi nilitazama mikono yake. Alishika kiti, akajisukuma mara mbili bila kuinuka. Mara ya tatu ndipo akasimama. Mwaka jana alikuwa akichota maji kwenye mchanga wa mto na kupanda nayo mgongoni. Sasa bakuli la muthokoi larudi jikoni likiwa karibu kujaa.

Madaktari wana njia ya kupima hayo. Mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi kuketi, huku saa ikihesabu. Huulizwa kama amekonda, ameanguka, anasahau, anaishi na nani. Umri peke yake hudanganya: wa miaka 82 aweza kustahimili dawa zitakazomlaza wa 68. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia wagonjwa 718 wa saratani wenye miaka 70 na zaidi. Madaktari walipopewa matokeo ya vipimo hivyo pamoja na ushauri, madhara makali ya dawa yaliwapata wagonjwa 51 katika kila 100; wasipopewa, 71. Katika kundi la kwanza wengi zaidi walianza na dozi ndogo, wala hawakuonekana kufa upesi kuliko wenzao.

Kiti kipo Kitui, kipo mjini Wote. Saa pia.

Wapo wanaomnyima mzee matibabu kwa kuwa ameshakula chumvi nyingi. Sisi wachungaji tuna kosa letu: akisema amechoka, twamwambia imani yake ni haba. Barzilai hakusemewa na mtu.

Mkimpeleka mzee kliniki juma hili, mwambieni daktari ameanguka mara ngapi na anabakiza chakula kiasi gani. Kisha nyamazeni, aulizwe mwenyewe.