Pumzi ya Injini na Haki ya Mwenye Gari

Kumiliki kitu ni kuwa na mamlaka juu yake, lakini si mamlaka yasiyo na mpaka. Mwenye shamba hulima apendavyo, ila hageuzi mkondo wa maji ya kijiji. Mwenye nyumba huwasha moto jikoni mwake, ila hauwashi mahali ambapo upepo utapeleka cheche juu ya makuti ya jirani. Katika gari swali hili ni gumu zaidi, maana gari ni mali ya mtu mmoja itembeayo katika njia ya watu wote. Je, mtu afunguaye injini ya gari lake nyumbani, akaipanua njia ya hewa ili apate nguvu zaidi, hutumia haki yake tu, au hugusa pia haki ya wengine?

Jambo lenyewe lataka kufahamiwa kabla ya kuhukumiwa. Injini ya petroli huishi kwa pumzi. Pistoni ishukapo, huvuta hewa kupitia chujio, bomba na vali. Hewa huchanganyika na petroli, mchanganyiko hubanwa, plagi huuwasha, na mwako wake huisukuma pistoni chini tena. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli hula lita 9,000 hivi za hewa. Kuongeza petroli basi si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuipatia hewa ya kuiunguza. Ndiyo sababu fundi wa nyumbani huanzia mlangoni mwa injini: hupanua bomba, hulainisha kona zake, hubadili chujio, au hutafuta mahali pa kuvutia hewa baridi, kwani hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na hubeba oksijeni nyingi zaidi katika ujazo ule ule.

Hoja ya kwanza ya kumtetea fundi huyu ni kwamba elimu nyingi imezaliwa uani. Mwaka 1932 kampuni ya Ford huko Marekani ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda 8 na nguvu ya farasi 65. Vijana wa kusini mwa California walinunua magari hayo yakiwa yamekwisha tumika, wakayapunguzia uzito, wakachunguza jinsi yanavyovuta hewa. Mmoja wao, Vic Edelbrock wa Los Angeles, alibuni mwaka 1938 bomba jipya la kugawa mchanganyiko kwa silinda, lenye nafasi ya kabureta 2. Wenzake walipoona gari lake likiwapita walitaka la namna ile ile, na kazi ya gereji ikazaa kiwanda. Kumkataza mtu wa namna hiyo asiguse kilichotengenezwa na wakubwa wa viwanda kungekuwa kuuzima udadisi, na udadisi ukizimwa ustadi hufa. Tena, kiwanda hakiipi injini ukamilifu. Huipa mapatano kati ya nguvu na ukimya, kati ya bei na maisha marefu. Mapatano si amri ya Mungu hata isiweze kujadiliwa.

Walakini vijana hao hao hutoa pia hoja ya upande wa pili. Wengi wao walipeleka magari yao jangwani, katika maziwa makavu kama Muroc, ambako nchi ni tambarare na hapana nyumba wala mpita njia. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association ili mashindano yawe na kanuni. Wengine walishindana usiku katika barabara za mji, na hasira ya raia ikawaangukia wote, wema na wabaya. Mwaka 1951 Wally Parks aliasisi National Hot Rod Association, na katika madhumuni yake lilikuwamo hili la kuyatoa mashindano barabarani na kuyapeleka mahali palipotengwa. Injini zilikuwa zile zile, na mikono ni ile ile. Kilichotofautiana ni ridhaa. Aliyesimama kando ya ziwa kavu alikuwa amechagua hatari yake. Mtoto avukaye njia kwenda dukani hakuchagua neno lolote.

Yamkini mwenye gari atajibu kwamba kuwa na nguvu si kuitumia vibaya. Jibu hilo lina haki ndani yake: gari lenye nguvu, likienda polepole, halimdhuru mtu kuliko gari dhaifu. Lakini nani hutoka jasho siku nzima kutafuta nguvu ambayo hakusudii kuionja? Na ionjwapo, hesabu ya maumbile haina upendeleo. Mwendo ukiongezeka mara 2, nishati ambayo breki lazima ziimeze huongezeka mara 4. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90 huongezeka mara 2 na robo. Bomba lililopanuliwa halikupanua breki, halikuimarisha matairi, wala halikuyapa macho ya dereva wepesi mpya. Fundi aliyetia nguvu upande mmoja ameacha deni upande wa pili, na wahenga walikwisha sema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Barabarani, wa kwao ni kila mtu.

Kuna pia udanganyifu wa nafsi. Mara nyingi mtu huondoa sanduku la chujio la kiwanda na kufunga chujio lililo wazi ndani ya chumba cha injini. Injini huanza kunguruma, na mwenyewe huamini kwamba imepata nguvu. Kumbe magari mengi hutoka kiwandani yakivuta hewa ya nje, na sasa lake linavuta hewa ya moto iliyozunguka chuma. Kila nyuzi 3 za joto zikiongezeka, uzito wa hewa hupungua kwa asilimia 1 hivi. Chumba cha injini kikizidi joto la nje kwa nyuzi 30, karibu sehemu moja ya kumi ya pumzi imepotea. Amenunua sauti akidhani amenunua nguvu. Debe tupu haliachi kuvuma, na mtu asiyepima kazi yake huridhika na mvumo.

Haifuati kwamba kila badiliko ni tamaa. Katika Rali ya Safari, iliyoanza Afrika ya Mashariki mwaka 1953, magari mengi yalifungwa bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isinywe maji ya mito wala kumeza vumbi. Waliolipandisha bomba walijua hewa ilikuwa ikilindwa na nini, wakauongeza ulinzi huo kwa kadiri ya safari. Aondoaye chujio kwa sababu linazuia hewa amesahau kwamba huzuia na vumbi, lile lisagalo kuta za silinda. Kizuizi kimoja huwa pingu, na kingine huwa ukuta wa nyumba. Mwenye hekima huuliza hiki ni kipi kabla hajashika nyundo.

Kipimo cha mwisho ni uwazi. Mwaka 1995, katika Rali ya Catalunya nchini Hispania, timu ya Toyota ilikutwa na njia ya hewa iliyofichwa ndani ya turbo, iliyokwepa kizuizi cha milimita 34 kilichowekwa na kanuni. Ikanyang'anywa alama zake za mwaka ule na kufungiwa miezi 12. Ustadi wa kifaa kile ulikuwa mkubwa, lakini ustadi haukukitakasa. Kadhalika nyumbani: badiliko ambalo mwenye gari hawezi kulitaja mbele ya mkaguzi, mwenye bima, au mtu atakayelinunua gari kesho, limekwisha kuhukumiwa na ukimya wake mwenyewe.

Haki ya mwenye gari basi ni ya kweli, lakini ina masharti matatu: apime badala ya kudhani, atengeneze breki kabla ya kutafuta mbio, na nguvu aliyoiongeza aitumie mahali ambapo kila aliye hatarini ameridhia. Hewa haina mwenyewe, na injini huivuta bila kumwomba mtu ruhusa. Barabara nayo haina mwenyewe mmoja. Kwa hiyo ruhusa yake haina budi kuombwa kwa wote.