Namba ya Asubuhi

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu watarajiwa namna ya kutoa alama. Niliwaambia kwamba alama humwonyesha mwalimu kilichoeleweka na kisichoeleweka, lakini haipimi utu wa mwanafunzi. Leo, nikiwa na miaka 73, kila asubuhi mimi ndiye mtahiniwa. Natoboa kidole, naweka tone la damu kwenye kipimo, nangoja namba.

Wenzangu wenye kisukari wanakujua kungoja huko. Lengo nililopewa kabla ya kula ni kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita. Ikitokea 6, moyo hufurahi. Ikitokea 12, moyo hukaripia: "Jana ulikula nini, mzee usiye na adabu?" Je, yatupasa kuona haya mbele ya namba?

Wapo wasemao kwamba haya humrudisha mtu njiani. Sikubaliani nao. Kwanza, namba hiyo haitokani na chakula peke yake. Homa huipandisha, na hofu pia: mtu anapofadhaika, mwili hutoa adrenalini na kotizoli, na ini huachia sukari kana kwamba kuna simba wa kukimbia. Anayejikaripia huenda anaongeza kile kile anachokilaumu. Pili, haya hufunza kujificha. Mwalimu mwenzangu mmoja aliifungia mashine yake kabatini ili asizione namba. Baadaye akaacha kliniki, kisha akaacha hata kuitazama miguu yake. Kidonda kidogo cha unyayo kikampotezea mguu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi nimechagua kuhudhurisha moyo. Naketi, navuta pumzi taratibu mara tano, nautambua woga wangu bila kuufukuza. Ndipo nauliza: nililala? Nilitembea? Nilimeza dawa? Majibu nayaandika daftarini, na siku ya kliniki daktari huyasoma.

Tusidanganyane, ndugu msomaji. Utulivu hauchukui nafasi ya vidonge wala insulini. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumika kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa huko Toronto, Kanada, mtoto aliyepata kisukari kikali hakuokolewa na utulivu wowote. Na namba ikishuka chini ya 4, usikae kutafakari; kunywa maji ya sukari upesi.

Hata hivyo, dawa humezwa na mtu, na mtu aliyechoka kujichukia huchoka pia kujitunza. Mwalimu anayechapa kwa kila alama mbaya huishia kufundisha watoto wanaoficha madaftari. Anayeketi na mtoto na kuuliza, "Hapa ulifanyaje?" huletewa daftari kesho yake. Nafsi nayo ni mwanafunzi, na huyu tutakuwa naye darasani hadi mwisho.