Chanjo, Steroidi na Tawakali
Mwislamu wa Tanga au Pangani anayekwenda Hija hutakiwa na Saudia awe amechanjwa homa ya uti wa mgongo. Iwapo humeza prednisoloni, dawa ya steroidi, miezi nenda miezi rudi kwa sababu ya pumu, swali huja: kuuchanja mwili ambao dawa imeshaupunguzia kinga ni kujidhuru, na kuacha ndiyo tawakali, yaani kumtegemea Mungu? Chanjo hiyo haina kijidudu hai. Haiwezi kumwambukiza, ingawa kinga yake huenda ikawa hafifu. Chanjo hai, kama ya surua au homa ya manjano, ni jambo jingine: anayetumia miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, huepushwa nayo, na husubiri angalau mwezi 1 baada ya kumaliza dawa. Kuikatiza ghafla ili achanjwe ni hatari kubwa, maana tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimezoea kupumzika. Hadithi ya ngamia aliyoipokea Tirmidhi, mashuhuri madrasani, hutanguliza kumfunga mnyama, kisha tawakali. Kamba ya mgonjwa huyu ni kumweleza daktari dawa zote anazotumia. Kuzificha kwa hofu ya kuzuiwa safari ni kosa zito, kwani Hija imefaradhishwa kwa mwenye uwezo, na wanazuoni huihesabu afya ndani ya uwezo huo.