Mchunguzi Naye Achunguzwe

Mwaka 1988, katika mji wa Timmins jimboni Ontario, Kanada, msichana wa miaka 12 aliachiwa mtoto wa miezi 16 amwangalie. Mtoto akafa. Msichana akaeleza kwamba mtoto ameanguka kwenye ngazi. Daktari Charles Smith, wa hospitali ya watoto jijini Toronto, akakataa: mtoto huyu, akasema, ametikiswa kwa nguvu hadi kufa. Kwa kauli hiyo, binti ambaye mwenyewe alikuwa bado mtoto akapandishwa kizimbani.

Upande wa utetezi ukaleta mabingwa kadhaa, nao wakapinga. Mwaka 1991 Jaji Patrick Dunn akamwachia huru msichana yule, na katika hukumu yake akaonyesha waziwazi kasoro za kazi ya Smith. Kwa ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo wa Ontario, iliyomtegemea Smith, hukumu hiyo ilikuwa onyo, tena kwa maandishi ya jaji. Ofisi haikulifanyia kazi. Mwaka uliofuata, Smith alikuwa ndiye mkurugenzi wa kitengo kipya cha kuchunguza vifo vya watoto.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Smith alisifiwa. Alizungumza kwa uhakika, majaji na mawakili wa serikali wakamwamini, polisi wakamtaka yeye. Hakuna aliyeuliza amesomea nini. Alikuwa daktari wa patholojia ya watoto, mjuzi wa magonjwa yanavyoonekana kwenye viungo na tishu. Lakini kupambanua kama mtoto aliyekufa ameumizwa na mtu au la ni taaluma nyingine, na hiyo hakuwa ameisomea.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu akifa, damu hutuama sehemu za chini za mwili, na ngozi ya huko hugeuka zambarau. Mjuzi huona damu iliyotuama. Asiyejua huona michubuko. Huko Sault Ste. Marie, mtoto wa miaka minne alikutwa amekufa kitandani mwaka 1993, na mabadiliko ya kawaida ya maiti yakasomwa kuwa dalili za kunyongwa na kunajisiwa. Smith aliitwa kutoa maoni, akaunga mkono. Ami wa mtoto akafungwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani takriban miaka 12. Mawakili wake walipotaka sampuli za tishu zipimwe upya, hazikuonekana. Baadaye zikapatikana ofisini kwa Smith. Mwaka 2007 mahakama ya rufani ikamfutia hatia.

Kule Kingston, mwaka 1997, mtoto wa miaka saba alikutwa na majeraha mengi mwilini. Smith akasema amechomwa kwa mkasi, na mama yake akawekwa mahabusu kwa mauaji. Wataalamu wengine walipoyaangalia majeraha, waliona alama za meno ya mbwa. Mashtaka yakaondolewa mwaka 2001. Mama yule alikuwa amefiwa na mwanawe, kisha akaitwa muuaji wake.

Tusimlaumu Smith peke yake. Waliomsimamia walikuwa madaktari, lakini hawakuwa wabobezi wa fani hiyo, hivyo hawakuwa na uwezo wa kuipima kazi yake. Ripoti zake zilichelewa, nao wakavumilia. Mwaka 1995 ofisi ya mchunguzi mkuu ilisambaza waraka ukiwataka wachunguzi waanze kila kifo cha mtoto kwa dhana ya uhalifu. Makosa yakapata mlezi.

Mwishowe kesi zake 45 zilipitiwa upya na mabingwa kutoka nje. Katika kesi 20 walipinga maoni ya Smith, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa zimemtia mtu hatiani. Tume ya Jaji Stephen Goudge ikaundwa. Mbele yake Smith akakiri kwamba mafunzo yake hayakutosha hata kidogo, na kwamba alidhani kazi yake ni kuusaidia upande wa mashtaka. Tume ilitoa ripoti mwaka 2008. Mwaka uliofuata Ontario ikabadilisha sheria, ikaanzisha huduma maalumu ya patholojia ya mahakama pamoja na orodha rasmi ya madaktari wanaoruhusiwa kuifanya. Mwaka 2011 Smith akafutiwa leseni.

Hapo ndipo penye funzo. Nchini Marekani, chama cha wachunguzi wa vifo, kilichoundwa mwaka 1966, hutoa ithibati kwa ofisi zinazokubali kukaguliwa na watu wa nje. Mkaguzi huuliza maswali ya kawaida kabisa. Daktari huyu amefuzu wapi? Anapasua maiti ngapi kwa mwaka? Kwa viwango vya chama hicho, zikizidi 325 ofisi haistahili ithibati kamili. Ripoti hutoka baada ya muda gani? Sampuli zinatunzwa wapi, na nani anasaini zikitoka? Nani huipitia kazi ya mwenzake? Toronto, swali la kwanza lingefichua pengo la mafunzo, la tatu lingefichua ucheleweshaji, la nne lingezitoa zile tishu zilipokuwa, na la mwisho lingeirudisha mezani hukumu ya Jaji Dunn.

Ithibati haimfanyi mtu kuwa mwadilifu. Ukaguzi wa kutia alama tu kwenye fomu haumwokoi mtu yeyote. Lakini ofisi isiyokaguliwa na mgeni hujikagua yenyewe, na ofisi inayojikagua yenyewe husamehe wanaopendwa.

Kwa hiyo, anayesimamia ofisi ya uchunguzi wa vifo, popote ilipo, asingoje kashfa ndipo aite wakaguzi. Jaji asikubali cheo cha shahidi mahali pa ujuzi wake. Nasi wananchi tuwe na haki ya kumuuliza daktari anayetueleza ndugu yetu amekufaje: umesomea kazi hii, na nani huikagua kazi yako? Daktari anayeijua kazi yake hatachukia kuulizwa.