Uwezo si Ruhusa

Ewe msomaji kijana, ukisimama juu ya vilima vya Taita wakati wa kiangazi, ukatazama upande wa mashariki, utaiona nyika imetandaa mpaka macho yachoke. Udongo wake ni mwekundu, hata ndovu wa Tsavo wanaojipaka vumbi lake huonekana wekundu pia. Misafara ya kale iliiogopa nyika hii kwa sababu ya kiu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliipita kwa miguu, akaenda akauona mlima Kilimanjaro. Zama hizo njia ilikuwa bwana, na msafiri alikuwa mtumishi wake: aliyeiacha njia aliyaacha maji, na aliyeyaacha maji aliuacha uhai.

Leo mambo yamegeuka. Kuna pikipiki ya magurudumu manne, mapana na laini, yenye nafasi ya mizigo mbele na nyuma. Hupita mchangani, hupanda mawe, hulaza vichaka. Ni chombo cha manufaa, kwani hupeleka maji, nyaya za ua na dawa za mifugo mahali ambapo gari hushindwa kufika. Mimi sikilaumu. Swali langu ni hili: Je, mtu mwenye uwezo wa kupita popote ana haki ya kupita popote?

Swali hili sikulipata kitabuni. Mwezi wa Septemba mwaka mmoja nilikuwa mgeni katika ranchi iliyo kati ya Voi na Maungu. Nilipewa chombo hicho nipeleke madumu ya maji kwa wachungaji. Njia ilizunguka mbali, na mbele yangu palikuwa na uwanda mtupu. Nikaukata. Nilifika upesi, nikajiona hodari. Mzee mmoja mchungaji alipokea maji, akashukuru, kisha akautazama mstari niliouacha nyuma yangu. Akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe umepita mara moja. Maji yatapita kila mwaka."

Sikumwelewa. Nilirudi mwezi wa Januari, baada ya mvua za vuli, nikaelewa. Uzito wa magurudumu ulikuwa umevunja utando mwembamba unaoushika udongo wa nchi kavu, na chini yake udongo ulikuwa umeshindiliwa. Mvua ilipokuja kwa nguvu haikuweza kuzama. Ilifuata mstari wangu na kuuchimba. Mahali nilipopita palikuwa na mfereji, na kando yake palikuwa na alama za magurudumu ya watu wengine walionifuata. Majani yalikuwa yameota kila mahali isipokuwa pale.

Yamkini utasema, "Nyika ni pana, mstari mmoja ni kitu gani?" Kweli, nyika ni pana. Hifadhi mbili za Tsavo, zilizoanza kama hifadhi moja mwaka 1948, zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hata hivyo, sheria ya humo humtaka kila dereva asiache barabara. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba hakuna aachaye njia akajiona ni watu elfu. Kila mmoja husema, "Mimi ni mmoja tu," na elfu hukamilika kwa maneno hayo hayo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha hasara hujazwa vivyo hivyo.

Utauliza tena, "Kama mchungaji ameumwa na nyoka, nizunguke njia ndefu?" La, hasha! Kata uwanda, umwokoe mwenzako. Njia iliwekwa kwa ajili ya uhai, wala uhai haukuwekwa kwa ajili ya njia. Lakini jichunguze kwa unyofu. Siku ile hapakuwa na mtu aliyekuwa akifa kwa kiu. Madumu yangeweza kufika saa moja baadaye bila dhara. Kilichonisukuma hakikuwa haja bali furaha ya kuweza, nami nikaivika furaha ile vazi la haja. Hatari ya uwezo ni hiyo: hutuchongea sababu upesi kuliko akili inavyozipima.

Nawe, kijana, utapewa vyombo vyenye nguvu kuliko pikipiki: elimu, cheo, fedha, na ulimi wenye kusikilizwa. Kila kimoja kitakuonyesha njia ya mkato katika uwanda ambao si wako peke yako. Kabla hujageuza usukani, jiulize maswali mawili. Je, ni haja au ni furaha ya kuweza? Na je, ningeridhika kama wote wanaokuja nyuma yangu wangepita hapa nilipopita?

Mfereji ule ungaliko. Sisi wawili, mimi na mzee yule, tuliupanga mawe ili kuyapunguza maji mwendo, kazi iliyotuchukua siku nzima. Kuukata uwanda kulinichukua dakika chache tu.